Nati Niliyoipiga Tupa

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nalisema mapema, mtu asije akasoma haya akadhani siku ile nilitulia kwa sababu ya tabia njema. Nilitulia kwa sababu nyuma yangu, hatua chache tu, alikuwa amekaa mama mkwe, na mbele ya mama mkwe mtu hatukani nati.

Nati yenyewe niliiharibu mwenyewe, kwa mkono wangu, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Wakati huo pale Kilosa jirani yangu alikuwa ameamka akakuta gari lake limekaa juu ya matofali, tairi mbili hazipo. Mtaa mzima tulikwenda kutoa pole, na kila aliyekuwa na gari alirudi kwake kuhesabu tairi zake. Mimi nina pikapu ya milango minne, kuukuu, inayonila mshahara wa ualimu kuliko watoto. Nikamuuliza fundi mmoja karibu na soko afanyeje mtu asiye na ukuta wala mlinzi. Akaniambia: chukua nati moja kwenye kila gurudumu, ipige tupa mpaka pembe ziishe, spana ya mwizi itateleza. Ukitaka kuifungua wewe, tafuta soketi ndogo kidogo, ipigilie kwa nyundo mpaka iume.

Sasa najua alikuwa anatania. Siku ile niliona amenipa siri ya taifa. Gari langu nalitengeneza mwenyewe siku zote, si kwa ubahili peke yake, ila siwezi kuvumilia kumwangalia mtu mwingine akifungua kitu changu na kukitikisia kichwa. Basi nikachukua tupa, nikakaa chini, nikazinyoa nati nne mchana kutwa mpaka zikawa mviringo kabisa. Mke wangu alisimama mlangoni na kikombe cha chai akiniangalia. Akasema, "Siku ya pancha utamwita mwizi aje akusaidie." Nikamwambia mambo ya vyuma hayajui. Akaenda zake anacheka.

Mke wangu ni mtu wa Munisagara, kule relini, na mama yake bado anaishi hukohuko. Baba yake, ambaye sikumkuta hai, alikuwa mtu wa gengi, wale wanaotembea na reli siku nzima wakikaza boliti na kubadilisha mataruma yanayobeba reli. Mama alibaki na shamba lake la mahindi na mbaazi, akililima peke yake mpaka macho yalipoanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwanzoni alisema ni vumbi. Halafu akaanza kupalilia mahindi akiyang'oa pamoja na magugu. Mwisho akawa anaona mwanga na kivuli tu, basi.

Zipo siku madaktari wa macho hufika kwenye hospitali moja Mikumi, wanapasua watu kwa siku chache, kisha wanaondoka. Mara ya kwanza tulipomwandikisha, mvua ilikata barabara na hatukufika. Mke wangu alilia wiki nzima. Safari hii jina lake lilikuwa kwenye orodha ya siku ya mwisho, na tuliambiwa wazi kwamba mtu akiitwa asipokuwepo, nafasi yake inakwenda kwa mwingine, na wengine walikuwa wengi. Mama mwenyewe hakuwa mtu wa kulalamika. Alimwambia binti yake neno moja tu: giza halimtishi, ila amechoka kushikwa mkono kupelekwa chooni. Nilipoambiwa neno hilo nilishindwa kumaliza ugali.

Hapa lazima nieleze jambo la ukwe, maana bila hilo mtu hataelewa kilichotukuta. Babu yangu aliletwa huku kama manamba wa mashamba ya mkonge, akaoa mtu wa kabila lingine, na watoto wake wakaoa makabila mengine tena. Kwetu mila zilichanganyika mpaka zikaisha. Mama mkwe wa kaka yangu anakula naye sahani moja na kumsema kuhusu kitambi. Kwao mke wangu siyo hivyo. Kule mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Nikija, nachuchumaa nje nyuma ya mlango, macho chini, natoa shikamoo, napokea marahaba, nakwenda. Tukikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani. Ukitaka kumwambia neno unapitisha kwa mtu, na kama mtu hayupo unakaa nalo. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwangalia uso kwa uso, na sikumjua sura vizuri zaidi ya ile ya kwenye picha ya harusi, ambamo pia amejifunika.

Alipopoteza macho nilidhani mambo yatalegea. Wapi! Akisikia sauti yangu anavuta kanga, anajifunika, anageukia upande mwingine. Tatizo ni kwamba sauti uwanjani inapotea, na mara nyingine alikosea. Siku moja alijifunika kwa taratibu zote, akaligeuzia mgongo tangi la maji, huku mimi niko mbele yake kabisa. Nikaondoka kwa kunyata, nikazunguka, nikaenda kusimama pale kwenye tangi, ili heshima yake isiende bure. Tangu siku ile nikawa nafanya hivyo kila mara. Mke wangu anasema ndiyo siku aliyojua hakukosea kuolewa, jambo ambalo ningependa angelisema mapema zaidi.

Tukatoka Kilosa alfajiri. Mama alikuwa amelala kwetu, kwenye chumba cha watoto. Alikaa kiti cha nyuma, mke wangu mbele karibu nami, na kuku jike mwekundu, amefungwa miguu, chini ya miguu ya mama. Kuku alikuwa zawadi ya daktari. Kioo cha ndani nilikigeuzia juu kwenye paa, nisije nikamwona mama kwa bahati mbaya. Mtu akiendesha gari namna hiyo kwa miaka anazoea, ila siwashauri wengine.

Tulipita kijiji cha Ulaya jua limeanza kuchomoza. Barabara ya kwenda Zombo ilikuwa ya vumbi na mawe yenye ncha, na mimi, kwa haraka, sikuyakwepa yote. Nikasikia gari linavuta kushoto. Tairi ya nyuma, upande wa kushoto, imekwisha pumzi kabisa. Nikamwambia mke wangu dakika kumi tu. Nilikuwa na spea nzima, jeki nzima, na ile soketi yangu ya siri. Nilijiona mwanaume wa maana sana.

Nati nne zililegea kwa adabu. Ya tano, ile niliyoinyoa, nikaipigilia soketi kama fundi alivyosema. Iliuma vizuri. Nikachomeka bomba kwenye mpini ili nipate nguvu, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Kukasikika mlio mdogo mkali, nikajikuta nimekaa vumbini. Nikadhani nati imeachia. Kumbe ni soketi iliyopasuka, imefunguka ubavuni kama ganda la karanga. Nati iko palepale, inang'aa.

Nikajaribu nyingine niliyokuwa nayo, kubwa mno, ikawa inazunguka bure. Nikajaribu na kitambaa ndani yake. Nikajaribu plaizi ya kubana, ikateleza ikanichuna ngozi ya vidole viwili. Tusi lilifika kwenye meno. Nikaligeuza likawa kikohozi.

Mke wangu alitazama saa ya simu, akatazama barabara. Pale mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka, na hata ungekuwepo hatukuwa na namba ya mtu yeyote wa kwenye ile foleni. Ikapita bodaboda, akaisimamisha. Mama hakuweza kupanda pikipiki. Nyonga yake haikubali kupanua mguu, na kwa masafa yale angeanguka. Basi mke wangu akaamua aende yeye, awepo wakati jina linaitwa, awaombe wasubiri. Akisha kufika Zombo angenitafutia fundi. Akiwa amekwisha panda ndipo alipokumbuka, akatutazama sisi wawili, mimi chini kwenye tairi na mama yake ndani ya gari.

"Sasa nyinyi mtaongeaje?" akauliza.

Pikipiki ikaondoka na vumbi lake.

Ndani ya gari kulianza kuwa joto. Nikaona mlango wa nyuma unafunguliwa taratibu, mguu mmoja ukashuka, halafu wa pili. Nikakimbilia upande wa pili wa gari kama mwizi. Mama alipapasa ubavu wa gari mpaka kwenye kivuli chake, akatandika kanga moja, akakaa na kunigeuzia mgongo. Safari hii alikuwa ameupata upande sawasawa. Kuku alimweka mbele yake. Nikarudi kwenye tairi. Tukakaa hivyo, mimi nagonga, yeye anasikiliza.

Likaja lori limejaa magunia ya mkaa. Dereva akashuka, mtu mkarimu, akaleta spana yake ndefu, nayo ikateleza. Akainama akaichunguza ile nati kwa kidole. "Mwalimu," alisema, maana nilikwisha kumwambia kazi yangu, "nani amekufanyia unyama huu?"

Nikasema, "Wezi."

Akasikitika sana. Akasema wezi wa siku hizi hawana hata utu, na angetupa lifti ila mbele wamejaa na juu ya mkaa mama asingeweza kukaa. Akaondoka. Kisha nikasikia nyuma yangu sauti ya mama, ya chini, ya mtu anayezungumza na mwenzake jikoni.

"Kuku wewe," alisema, "umewahi kuona wapi mwizi anakuja na tupa, ananyoa nati, halafu tairi anaiacha?"

Nilisikia masikio yanawaka. Kumbe mke wangu alikwisha kumweleza kila kitu, pengine siku ileile, pengine kwa simu, pengine mimi nikiwa bado nanyoa. Nikataka kukasirika nikakosa pa kuanzia. Mbele ya nati nilikuwa na haki ya hasira; mbele ya mama sikuwa nayo.

"Muulize," aliendelea kumwambia kuku, "kwenye gari lake hamna tindo?"

Nikababaika. Kujibu moja kwa moja sikuweza, ulimi ulikataa. Basi nami nikamwambia kuku. Nikasema tindo lipo, mwambie mama. Nina nyumba ambayo inajengwa tangu mtoto wangu wa kwanza anaanza shule, na nyuma ya pikapu siku zote kuna tindo la kukatia chuma, vipande vya nondo na nyundo nzito ya kuvunjia mawe ya msingi, pamoja na ile nyundo yangu ndogo ya kawaida.

Mama, kwa njia ya kuku, akanieleza. Marehemu mumewe alikuwa akikutana na boliti za reli ambazo jua na mvua vimezigandisha miaka mingi, pembe zimelika, spana haishiki. Hawakuzibembeleza. Mmoja anashikilia nyundo nzito upande mmoja wa nati, imegusa kabisa, isicheze. Mwenzake anaweka tindo upande wa pili, anapiga. Bila ile nyundo ya pili, alisema, nguvu yote inapotelea kwenye boliti. Ikiwepo, nati inabanwa katikati haina pa kukimbilia. Yeye alikuwa akimpelekea mumewe chakula relini, na siku ambazo gengi lilipungukiwa watu ndiye aliyekuwa anashika nyundo ya pili. Hakuna aliyemwandika popote. Alishika tu.

Nikawaza. Nikazunguka gurudumu nikitafuta jinsi ya kuiegemeza nyundo nzito kwa jiwe, kwa jeki, kwa goti langu. Kila nikipiga ilianguka. Jua lilikuwa limepanda, kivuli cha gari kimebaki ukanda mwembamba, na fundi wa Zombo hakuonekana. Nikapiga hesabu ya muda uliobaki, nikaona tusipoondoka pale mapema, basi tena. Nikakaa chini. Sikuwaza gari. Nilimwaza yule mama anavyopapasa ukuta kutafuta mlango, na kwamba atapapasa mpaka afe kwa sababu mimi niliogopa mwizi ambaye hakuja.

"Ameacha kupiga," mama alimwambia kuku. "Mwambie agonge rimu, nijue iko wapi."

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa. Kumshika mkono nisingeweza hata kwa bunduki. Nikachukua nyundo ndogo nikagonga rimu, taratibu, mara kwa mara, kama mtu anayeita watoto darasani. Akainuka, akajifunika kanga uso mzima, akafuata mlio. Kila nilipogonga, naye alipiga hatua moja. Alipofika akapapasa bodi, akashuka akakaa chini upande wa pili wa gurudumu, miguu ameikunjia ubavuni, kichwa amekigeuzia kule. Nikamsukumia nyundo nzito kwa mguu. Akaipata. Vidole vyake vikatembea kwenye rimu, vikayapita yale matundu manne ya nati zilizotoka, vikaifikia ile nati, vikaizunguka. Akatoa sauti puani, nusu ya kucheka.

Akaiegemeza nyundo. Akaibana kwa mikono miwili na goti. Nami nikaweka tindo upande wangu, na ndipo nilipoona mkono wake ulipo. Kati ya ncha ya tindo langu na vidole vyake palikuwa na unene wa nati tu. Mimi mpigaji nina hasira na jasho machoni, mshikaji haoni.

Nikapiga. Kidogo. Nikapiga tena kidogo zaidi.

"Anabisha hodi," mama alimwambia kuku, ambaye sasa alikuwa amejikokota mbali majanini na hasikii chochote. "Mwambie hapa siyo ugenini."

Nikaongeza nguvu. Pigo la tatu tindo likateleza, nyundo ikapiga rimu sentimita chache kutoka kwenye kidole chake gumba. Gari zima likalia. Yeye hakutingishika. Mimi nikaweka nyundo chini, nikasema kwa sauti, sijui nikimwambia nani, kwamba siwezi, kwamba nitaivunja mikono ya mtu, bora tukose.

Lilipita gari moja kwa mbali, likakata kwenda mashambani. Mama akiwa bado ameibana nyundo, amenigeuzia kisogo, akasema, safari hii bila kuku:

"Baba, piga. Mikono hii ilizoea nyundo kabla hujazaliwa. Macho ndiyo sina, na yako Mikumi."

Zaidi ya marahaba, hakuwahi kusema nami katika maisha yake. Nikaiokota nyundo. Akaendelea, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusonga ugali: kwanza piga upande wa kukazia, pigo moja zito, iache kutu ishtuke. Halafu geuza. Na nisikilize, kwa sababu nati ikiachia inabadili sauti.

Nikafuta jasho. Nikaweka tindo kwa upande wa kukazia, nikapiga pigo moja kwa nguvu zangu zote. Nikageuza. Nikapiga. Tindo likala chuma, likafanya kovu. Nikapiga palepale. Sauti ilikuwa kali, ya juu, inauma masikio. Nikapiga. Nilikuwa siangalii tena mikono yake. Niliangalia lile kovu tu, na kila pigo niliona nyundo yake upande wa pili inalipokea na kulirudisha. Nikapiga, nikapiga, na ghafla sauti ikawa nzito, ya chini, kama mtu amegonga gogo.

"Imekubali," mama alisema.

Mimi sikuona imesogea. Nikapiga tena, ikasogea nusu kidole. Nikapiga tena ikazunguka. Mwisho niliifungua kwa plaizi, ikatoka na unga mwekundu wa kutu, nikaiweka kwenye kiganja ikiwa bado ya moto. Nikacheka peke yangu, kisha nikagundua ninalia. Mama alikuwa amekwisha kuinuka, anapapasa ubavu wa gari kurudi kwenye kiti chake, na nikageuka kumpa nafasi. Nikasema ahsante mama. Hakujibu. Kuku nilimfuata mimi majanini.

Spea nilifunga kwa nati nne. Njia nzima mpaka Mikumi kioo kilikuwa bado kimetazama paa na sikukigusa.

Mke wangu tulimkuta kwenye geti la hospitali anakimbia huku na huku. Jina la mama lilikuwa limekwisha kuitwa mara mbili. Mara ya kwanza yeye aliitikia yupo, yuko chooni. Mara ya pili aliitikia tena yuko chooni, na nesi akamwangalia akauliza huyo mama ana tumbo au ana macho. Akamshika mama mkono wakaingia. Nilibaki na kuku. Hakuna aliyemkumbuka mpaka jioni, mke wangu alipompa yule nesi, na nesi akampokea akiwa bado na mashaka na tumbo la mama.

Walimpasua jicho moja, la kulia. Tukaambiwa watafungua bandeji asubuhi. Nililala kwenye gari, na palipopambazuka nilinunua nati mpya kwenye duka la vipuri karibu na barabara kuu, nikaanza kuzing'oa zile tatu zilizobaki, kwa tindo. Mlinzi wa hospitali alinishikia nyundo ya pili. Yeye alishika kwa woga, mikono mbali, uso ameukunja, na tulichukua muda mrefu sana. Baadaye manesi wakaja kutuambia wagonjwa wanalala.

Nilikuwa nimekaa kibarazani, shati limejaa grisi, walipotoka. Mama alitembea mbele. Sikuzoea kumwona akitembea mbele. Mke wangu alimfuata nyuma, mikono tayari kumdaka, lakini mama hakuwa na haja. Alisimama kwenye ngazi. Aliangalia maua yaliyopandwa kwenye makopo. Aliangalia viatu vyake, akavipangusa kimoja kwa kingine. Aliinua kichwa akaangalia milima ile ya upande wa mbuga, muda mrefu. Nilijisahau. Nilikuwa namtazama usoni kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, uso mwembamba, una mikunjo midogo kuzunguka mdomo, na jicho lile jipya limejaa machozi ya dawa. Likashuka kutoka milimani, likapita kwenye geti, kwenye gari, kwenye kibaraza, likanifikia mimi, likasimama.

Kisha akavuta kanga kwa haraka, akajifunika mpaka kidevuni, akageuka akanipa mgongo.

Nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote ninayoikumbuka, na palepale nikaumia, kwa sababu nilijua hatasema nami tena. Nikashuka kibarazani, nikachuchumaa, nikaangalia chini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema akiangalia ukutani. Akamgeukia binti yake, akashusha sauti, lakini si sana. "Mwambie mwenzako, mbona amejaa mvi hivyo? Na ile ya kwenye nyusi ameitoa wapi?"

Mke wangu akaanza kucheka. Mimi nikajishika nyusi. Ni unywele mmoja tu mweupe, upande wa kushoto, hata mimi kwenye kioo huwa naupata kwa kuutafuta.